Mazoezi ya Nyumbani kwa Msaada wa Simu Huwakinga Wazee na Kuanguka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaoathirika zaidi. Hata anayenusurika, akivunjika nyonga, huweza kushindwa kutembea na kuanza kutegemea watoto au wajukuu kwa kila hitaji.

Kwa wakazi wa katikati ya Jiji, hatari hiyo iko karibu: ngazi za ghorofa za Kariakoo pindi umeme unapokatika, njia zilizojaa bidhaa, na msongamano wa kupanda pantoni Magogoni. Hata hivyo, utelezi si chanzo pekee. Umri unapoongezeka, misuli ya mapaja hulegea na uwezo wa kujisawazisha hupungua. Mazoezi huweza kuvirejesha kwa kiasi kikubwa.

Teknolojia husaidia mazoezi hayo yasikatishwe. Nchini Australia, wazee 503 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walishiriki utafiti wa programu ya kishikwambi iitwayo StandingTall. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionesha kuwa katika miezi 12 ya mwanzo tofauti haikuwa dhahiri, lakini baada ya miaka miwili matukio ya kuanguka yalikuwa pungufu kwa asilimia 16 miongoni mwa walioitumia. Faida, basi, huwafikia wanaodumu.

Familia isiyo na kishikwambi inaweza kuanza na simu iliyopo. Kengele ya simu imkumbushe mzee saa ya mazoezi; kijana arekodi maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia, kwa ridhaa yake, ili yarudiwe nyumbani; na anayeishi mbali apige simu kuuliza maendeleo.

Mazoezi ya kuanzia ni kuinuka kwenye kiti imara bila kutumia mikono, kusimama kwa ncha za vidole, na kusimama kwa mguu mmoja huku mzee ameshika meza nzito. Mwanafamilia awe karibu, na sakafu iwe kavu.

Mzee mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua au aliyekwisha kuanguka aonane kwanza na daktari katika kituo cha afya kilicho karibu. Aende na dawa zote anazotumia, kwani baadhi ya dawa huongeza hatari ya kuanguka.