Satelite inaona kidonda cha mulima, tujifunze kukisoma

Kalehe, Kivu Kusini, tarehe 4 Mei 2023. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi. Mvula ilipiga sana juu milimani, mito ikajaa, milima ikakatika, matope na mawe vikashuka mpaka Ziwa Kivu. Bushushu na Nyamukubi ndiyo waliumia zaidi. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Wafu walihesabiwa. Je, mashamba, misitu na mito, nani atavihesabu? Hii swali si ya wasomi peke yao. Sisi watu wa karieri tunaishi kwenye milima kama ile, na bamama zetu wanalima chini yake.

Kuna njia. Satelite za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 zinapita juu yetu karibu kila siku 5 na foto zake ni za bure. Kila nukta ya foto ni metre 10 kwa 10 za udongo. Kwa hiyo nukta 100 ni hektari 1. Majani mazima yanarudisha mwangaza fulani ambao jicho la mutu halioni, lakini udongo mutupu haurudishi vile. Mutaalamu anaweka foto ya mbele ya mvula karibu na ile ya nyuma, anahesabu nukta ambazo kijani kimepotea. Akipata 250, hektari mbili na nusu zimekwenda. Mawingu yakifunika, iko rada ya Sentinel-1, hiyo inaona hata usiku.

Lakini satelite haijue kila kitu. Shamba lililolimwa juzi linafanana na mulima uliokatika. Shimo ndogo iliyofunga watu haionekane kabisa. Lazima mutu afike kwa miguu, aulize wenyeji, ndipo hesabu itakuwa ya kweli.

Tena foto haimupendelei mutu. Inaonyesha kosa la kampuni, inaonyesha pia miti inayokatwa kwa kushikilia mashimo na kwa makala. Watafiti waliochunguza milima ya Kivu waliona kwamba msitu ukikatwa, mulima unaporomoka mara nyingi zaidi kwa miaka karibu 15. Muti ukienda leo, mutoto wako ndiye atalipa.

Basi wandugu, tufanye nini? Mulima ukikatika, tuandike siku, saa na jina la kijiji, tupige foto kwa telefone mbele udongo haujaondolewa. Tuende kwa administrateur wa territoire, tuombe foto ya satelite ya mbele na ya nyuma, na hesabu ya hektari zilizopotea. Mwenye kudai fidia kwa mudomo tu anarudishwa nyumbani. Mwenye karatasi na foto, watamusikiliza.

Na tusingoje wafu. Foto za mbele ya mvula ya Septemba ziko, milima iliyobaki udongo mutupu inaweza kutafutwa mapema. Tudai zitazamwe na sisi tukiwa mezani.