Je, Wajua? Mhadhiri wa jamii yako huweza kukuinua

Chuo kilichozaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwanamke alikuwa mmoja tu: Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975.

Kwa walio wachache darasani kama yeye, mhadhiri anayefanana nao huweza kuwa msaada. Utafiti uliofanywa katika De Anza College, California, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionesha kuwa wanafunzi wa jamii za wachache wakifundishwa na wahadhiri wa jamii hizo, pengo la alama na la kuacha somo kati yao na wenzao weupe hupungua kwa asilimia 20 hadi 50.

Kwa mantiki hiyo hiyo, binti wa Magu anayekwenda kusomea udaktari katika chuo cha Bugando naye anastahili kufundishwa na maprofesa wanawake. Vyuo vyetu viwasomeshe wanawake, viwaajiri na kuwapandisha vyeo.