Padre wa Wageni

Sisi wa Njombe na Makambako twaijua Kidugala, misioni ya kale ya Kilutheri. Wakati wa vita ya pili ya dunia palikuwapo kambi ya Wapolandi. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwatoa makwao, ikawapeleka Siberia na kwingineko, penye baridi na njaa. Walipofunguliwa walipitia Uajemi, na tangu 1942 wengine wakafika Tanganyika, wengi wao wanawake na watoto.

Kambi yao kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Huko alikuja mwaka 1947 Padre Lucjan Królikowski, Mfransisko, ambaye naye alipelekwa Siberia. Basi njaa hakuhadithiwa. Aliwahudumia kwa lugha yao, hasa yatima. Mwaka 1949 serikali ya Kikomunisti ya Warsaw iliwadai watoto wale. Padre akakataa, akasafiri nao, wapata 150, mpaka Italia, kisha Kanada. Warsaw ikasema amewaiba. Lo! Mwizi gani huyu, aliyekaa na watoto akiwalea hata wakawa watu wazima? Alifariki 2019, mwenye miaka 100.

Huko Tengeru makaburi ya wageni wale yako hata leo, Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi, katika uwanja mmoja.