Kidevu cha Pikapu

Mwendesha baiskeli wa Mlowo hahitaji kuelezwa nguvu ya hewa. Semi ikimjia kwa nyuma, kwanza anasukumwa pembeni kana kwamba mtu kamtia kiganja begani. Ikishampita, anavutwa kurudi barabarani. Kila anayeitumia barabara ya TANZAM kwa magurudumu mawili, kuanzia Mbalizi hadi mpakani Tunduma, amejifunza kukaza mikono sekunde hizo mbili na kumtukana dereva baadaye.

Miaka ya 1970, mhandisi wa NASA aitwaye Edwin Saltzman alikutana na upepo huohuo. Alikuwa akienda kazini kwa baiskeli katika jangwa la Mojave, California, na malori yakimpita. Kazini kwake kulikuwa na watu waliopima jinsi hewa inavyoizuia ndege, kwa hiyo swali lilimjia lenyewe: nguvu inayomyumbisha inatoka wapi? Inatoka kwenye tangi la mafuta la lori, kwa kuwa lori huchoma mafuta kuisukuma hewa. Yeye na wenzake wakachukua gari dogo la mizigo, wakalivika mabati ya alumini mpaka likafanana na boksi la viatu, wakalikimbiza, kisha wakaliachia liserereke lenyewe huku wakipima linavyopoteza mwendo. Walipozifanya kona zake ziwe mviringo, ukinzani wa hewa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Walipolifunika tumbo, ukashuka tena.

Zile kofia za plastiki juu ya kabini za semi zinatokana na utafiti wa aina hiyo. Inachekesha kidogo kuziona kwenye foleni ya Tunduma, zimesimama kutwa nzima zikisubiri kuvuka kwenda Nakonde, hazina upepo wa kupasua. Lakini mimi nataka kubaki tumboni.

Inama uchungulie chini ya pikapu. Utaona sampu, gia boksi, shafti, difu, springi, bomba la moshi, na tairi la akiba limening'inia nyuma. Juu gari limelainishwa na kupakwa rangi. Chini ni kama uvungu uliojaa vyombo. Hewa inayoingia huko kwa kasi hugonga kila kitu, inazunguka, inavurugika, na kila mvurugiko unalipiwa na injini. Ndiyo maana watengenezaji wengi hufunga chini ya bampa ya mbele ukingo wa plastiki nyeusi unaoshuka kuelekea barabarani. Kazi yake ni kuizuia hewa isiingie uvunguni, ipite pembeni na juu. Mafundi wengi huiita tu “ile plastiki ya chini”. Mimi naiita kidevu.

Kwetu kidevu hakidumu. Matuta ya lami hukikwangua, na ukishaacha lami kuelekea Kamsamba au Mkwajuni, jiwe la kwanza hukipasua na tope humalizia. Mwenye gari anachoka kusikia kikiburuza, fundi anafungua skrubu chache, na kazi imeisha. Je, amepoteza kitu?

Hapo inabidi tupige hesabu, maana hewa ina tabia moja mbaya: ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne. Wanasayansi wa Ulaya waliligundua hilo katika karne ya 17, kabla ya gari lolote la injini kuwepo. Chukua pikapu ya kawaida ya kabini mbili. Kwa kilomita 40 kwa saa, hewa huirudisha nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8, yaani ndoo ndogo ya maji. Kwa kilomita 100, nguvu hiyo inafika kilo 50 hivi. Ni sawa na injini kuinua mfuko wa saruji bila kuutua, njia nzima.

Kwenye vumbi, kwa mwendo wa 40, kinachokula mafuta ni udongo laini, mashimo na tairi zinazobonyea. Hewa ni mgeni asiyekula sana. Huko kidevu hakikuokolei kitu cha maana, na kinakupunguzia nafasi ya kupanda jiwe au kutoka mtaroni. Pikapu ya mashambani iking'olewa kidevu, sioni wa kumlaumu. Lakini ile inayotoka Tunduma alfajiri kwenda Dar es Salaam na kurudi inapigana na mfuko wa saruji kila inapovuka vijiji vya kilomita 50 kwa saa na kukanyaga mafuta. Hiyo ningeiachia kidevu chake. Akiba yenyewe ni ndogo, sitakudanganya. Keria tupu juu ya paa na tairi zenye upepo pungufu zinaweza kukugharimu zaidi.

Na wale wanaofungua mlango wa nyuma wa bodi eti hewa ipite? Waufunge tu. Ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi, na hewa nyingine huteleza juu yake. Ukiufungua unauvuruga mzunguko huo, na mara nyingi unaongeza ukinzani.

Kidevu kina kazi ya pili, na hii ndiyo inayowapata watu bila kujua. Hewa inayoingia kwenye rejeta lazima itoke mahali, na njia yake kubwa ni kushuka chini ya injini. Kidevu kikiwepo, nyuma yake msukumo wa hewa hupungua, na upungufu huo huivuta hewa moto itoke. Kiking'oka, hewa ya barabarani inajazana chini ya injini, na ile ya rejeta inakosa pa kwenda. Nyanda zetu za Mbozi ziko juu, na kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Inakuachia upite kwa urahisi zaidi, ila ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kubeba joto la injini.

 

Basi ukiwa umeshakitoa kidevu, utazame mshale wa joto kwa akili. Ukipanda ukiwa na mzigo kwenye mlima Senjele, kwa mwendo wa pole, usikisingizie kidevu. Kwa mwendo mdogo rejeta hupozwa na feni. Anza na feni, mkanda wake na maji. Lakini mshale ukipanda tambarare, kwenye kilomita 100, kisha ukashuka ukipunguza mwendo, hapo hewa haipiti inavyotakiwa. Safisha rejeta kwanza, maana nayo huziba kwa vumbi na wadudu. Mshale usiposhuka, mrudie fundi umuulize ile plastiki aliitupa wapi. Kama ilishavunjika, ukanda wa mpira laini wa kimo kilekile unatosha: ukigonga jiwe unapinda, kisha unarudi.