Nyumba ya Mwanasesere

Mabinti zetu walioolewa bara, wakiwamo walioko Mwihoko, hutuuliza: je, yafaa kumnunulia mtoto wa miaka minne nyumba ya wanasesere?

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere, naye Mtume (s.a.w.) akiwaachia wenzake waje kucheza naye. Abu Daud amepokea habari ya farasi wake mwenye mbawa mbili za matambara, na jinsi Mtume alivyocheka kwa jibu lake. Ndipo wanavyuoni wengi wakaruhusu vichezeo vya watoto, ingawa wako waliokataa vyenye sura kamili. Atakaye kuepuka hitilafu, na ashone wa kitambaa wasio na uso.

Nyumba iwe wazi upande mmoja, mikono ya mtoto ipate kuingia. Isiwe na misumari iliyochomoza wala rangi inayobanduka. Ikiwa nyumbani mna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, viti na vikombe vidogo viondolewe, asije akapaliwa.

Asiye na uwezo asihuzunike. Kasha la viatu hukatwa likawa na daka, ukumbi na ua, na mtoto aliyezaliwa ghorofani akaijua nyumba ya bibi yake.

Kisha tumsikilize anavyowasemesha wanasesere wake. Akiwakaripia na kuwatusi, tujiulize maneno hayo kayasikia wapi, tuanze kuitengeneza nyumba yetu.

Wabillahi tawfiq.