Nondo anayeishi siku moja tu: Kwanini mdudu huyu mdogo aliwashtua wanasayansi?

Akishakomaa anatoka ndani ya mti, anatafuta mwenza na kupandana. Jike anataga mayai, kisha wote wawili wanakufa. Yote hayo ndani ya siku moja.

Huyo ni Aenigmatinea glatzella, nondo mdogo wa Australia aliyetangazwa rasmi kwa dunia mwaka 2015. Na hapa sio nondo ya ujenzi, ni yule ndugu yake kipepeo anayezunguka taa usiku.

Mabawa yake yanang'aa rangi ya dhahabu na zambarau, na pembeni yana nywele laini kama manyoya. Ni mdogo sana.

Alipatikana wapi?

Kwenye kisiwa cha Kangaroo, kusini mwa Australia. Hicho ndicho kisiwa cha tatu kwa ukubwa nchini humo.

Nondo huyu anategemea mti mmoja uitwao Callitris. Kiwavi wake huishi ndani ya mti, akila na kukua bila kuonekana. Ukichanganya hilo na maisha ya siku moja baada ya kutoka, utaelewa kwanini hakuna aliyemtambua kwa miaka yote hiyo. Siku hiyo ikikupita, imekupita.

Mti wenyewe una historia ndefu. Uko kwenye kundi moja na mwerezi wa Mulanje, ule wa Malawi. Miti hiyo ni kumbukumbu ya Gondwana, bara kubwa la kale ambalo Afrika, Australia, Amerika Kusini, India na Antaktika zilikuwa kitu kimoja kabla ya kutengana.

Kwanini habari ilikuwa kubwa?

Kiukweli, kupata spishi mpya ya mdudu sio ajabu. Hutokea kila mwaka. Ila huyu hakuingia kwenye familia yoyote ya nondo inayojulikana, ikabidi atengenezewe familia yake mwenyewe.

Ili kuelewa uzito wake, angalia paka. Simba, chui, duma na paka wa nyumbani ni spishi tofauti, lakini familia ni moja. Sasa fikiria mtu agundue leo kundi zima jipya la ngazi hiyo.

Kwa nondo wa asili ya kale, jambo kama hilo lilikuwa halijatokea tangu miaka ya 1970. Ndio maana wapo waliomfananisha na dainosaria aliye hai. Na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitendawili.

Sehemu ya pili ya jina, glatzella, ni heshima kwa Richard Glatz, mtafiti wa wadudu wa kisiwani humo. Aliyeongoza kazi ya kumuelezea ni Niels Peder Kristensen wa Denmark, bingwa wa nondo wa kale, aliyefariki Desemba 2014 wakati utafiti huo ukiwa ndio unatoka.

Utata wa ulimi

Karibu vipepeo na nondo wote unaowaona wana ulimi mrefu kama mrija, unaojikunja kama springi. Wanautumia kunyonya maji matamu ya maua. Nondo wachache wa kale hawana.

Nondo huyu wa Kangaroo naye hana. Kwa hiyo ungetegemea awe kwenye kundi la hao wachache. Vipimo vya DNA vikasema tofauti: ndugu zake wa karibu ni nondo wenye ulimi.

Maana yake, hadithi ya zamani kwamba ulimi ulianza mara moja na kusonga mbele moja kwa moja ikaingia mashaka. Huenda ulijitokeza zaidi ya mara moja, au wengine walikuwa nao wakaupoteza.

Mdudu mpya anathibitishwaje?

Kumpiga picha na kumpa jina hakutoshi. Wataalamu hulinganisha mishipa ya mabawa, sehemu za mdomo na viungo vya uzazi kwa darubini, kwa sababu nondo wawili wanaweza kufanana kwa rangi huku ndani ni tofauti kabisa. Siku hizi DNA huongezwa juu yake.

Kisha maelezo huchapishwa kwenye jarida la kisayansi, na kielelezo kimoja huhifadhiwa makumbusho. Hicho ndicho mtu yeyote atakayetilia shaka baadaye atakwenda kulinganisha nacho.

Hatari iko wapi?

Mdudu anayetegemea mti mmoja hana pa kukimbilia mti huo ukiungua. Na wakati nondo huyu anatangazwa, kisiwa hicho ndipo mahali pekee alipokuwa amepatikana.

Kati ya Desemba 2019 na mwanzoni mwa 2020, moto uliteketeza zaidi ya hekta 200,000 kisiwani humo, karibu nusu ya kisiwa kizima. Watu wawili walipoteza maisha, na wanyama wengi sana waliungua.

Koala na kangaruu walihesabiwa, wakaokolewa na kupewa matibabu. Kiwavi aliye ndani ya mti haokolewi hivyo. Mti ukiungua, naye anaungua humo humo, na kama hajawahi kuandikwa popote, hakuna atakayejua alikuwepo. Huyu wa Kangaroo angalau aliwahi kupata jina, miaka mitano kabla ya moto.