Je, Wajua? Mpira Unaomuumbua Mghushi

Babe Ruth, nyota wa besiboli aliyevuma kuliko wote Marekani, alifariki Agosti 16, 1948. Ukiletewa mpira wenye saini yake, na upande wa pili umepigwa chapa ya jina la Warren Giles, usihangaike kuichunguza saini. Giles aliingia kwenye urais wa Ligi ya Taifa mwaka 1951. Ruth angelazimika kufufuka kwanza.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ligi kuu mbili za Marekani zilichapa majina ya marais wao kwenye mipira rasmi. Jina la Will Harridge linauweka mpira kati ya 1931 na 1959. La Ford Frick, kati ya 1934 na 1951. Ngozi nayo ina tarehe yake: ilikuwa ya farasi hadi ilipopokewa na ya ng'ombe mwaka 1974. Halafu kuna wino. Kalamu za bolpeni zilianza kuuzwa madukani New York Oktoba 1945, ilhali mchezaji Lou Gehrig alikuwa ameshazikwa tangu 1941. Saini yake ya bolpeni ni uongo mtupu, hata ikiwa imepambwa kwa vyeti kumi.

Lakini ushahidi wa aina hii una mpaka. Unaweza kumtia mghushi hatiani, hauwezi kumsafisha. Mtu mjanja hutafuta mpira mkuukuu usio na saini, akatafuta na kalamu ya zamani ya kujaza wino. Hapo ndipo mwandiko wenyewe unapowekwa chini ya kioo cha kukuzia. Mwenye jina huliandika bila kulifikiria: kalamu hutua ikiwa tayari mwendoni, na herufi ya mwisho humalizikia hewani. Mghushi huchora. Mstari wake hutetemeka, husita kwenye kona, na kalamu huinuka mahali ambapo mwenyewe asingeinua. Uduara wa mpira humzidishia taabu, maana hana pa kulaza kiganja.

Na si kila saini isiyo ya mwenyewe iliandikwa na tapeli. Wahudumu wa vyumba vya kubadilishia nguo waliwasainia mastaa waliochoka kuombwa. Mchezaji Joe Jackson hakujua kusoma wala kuandika. Jina lake alilichora kwa shida, na mara nyingi mkewe, Katie, ndiye aliyemwandikia. Ndiyo maana saini ya mkono wake mwenyewe ni adimu, na uadimu huo huipandisha bei mno. Ruth, kinyume chake, alisaini mipira mingi ajabu. Saini zake bado ni ghali kwa sababu tu wanaozitafuta ni wengi zaidi.

Miaka ya 1990 biashara ya saini ilioza. Shirika la upelelezi la FBI liliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen, likauvunja mtandao mkubwa wa waghushi Kusini mwa California. Miongoni mwa bidhaa zao kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Ninachojiuliza ni nani aliyeamini kwamba mtawa wa Calcutta aliketi kusaini mipira. Mwaka 2001 ligi kuu ikaanzisha utaratibu wake: shahidi, mara nyingi askari polisi au mstaafu wa polisi, hushuhudia kwa macho saini ikiandikwa, kisha kitu hubandikwa hologramu yenye namba. Hakuna tena kubishania mwandiko. Kwa mipira ya zamani, hata hivyo, utaratibu huo hausaidii kitu.

Ukishaamini saini ni halali, bei hutegemea hali yake. Saini moja iliyokaa pale mishono inapokaribiana ndiyo inayopiganiwa mnadani. Mwanga wa jua hufifisha wino. Wenye mipira wa zamani waliipaka vanishi ili kuihifadhi, na vanishi hiyohiyo ikaigeuza rangi ya kahawia.

Wanunuzi wengi hukwepa mpira ulioandikwa jina la mtoto fulani aliyeuomba, kwa hiyo huuzwa kwa bei ya chini. Mimi ningeanzia hapo. Mghushi hutafuta faida, na hana sababu ya kuongeza maneno yanayoipunguza, tena yanayompa mchunguzi herufi zaidi za kulinganisha.